Selimundu na urithi wa vinasaba: maswali ambayo muuguzi huulizwa kila kliniki

Ninafanya kazi kwenye kliniki ya watoto wenye selimundu. Maswali yaliyo hapa nimeyasikia mlangoni, wodini, kwenye simu usiku, na kutoka kwa wanafunzi wa uuguzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo. Nimewaandikia wauguzi wenzangu, kwa sababu daktari akishaandika SS kwenye faili huenda kwa mgonjwa anayefuata, na sisi ndio tunaobaki na mama anayeuliza, "Sista, hii maana yake nini?" Jibu tunalompa pale ndilo analokwenda nalo kwa mume, kwa mama mkwe na kwa ukoo mzima.

## Mambo ya msingi

1. Selimundu, sikoseli, "ugonjwa wa damu": ni kitu kimoja?

Selimundu na sikoseli ni kitu kimoja. La kwanza ndilo la vitabuni, la pili ndilo la mtaani, na mama akikuambia sikoseli usimsahihishe. "Ugonjwa wa damu" ndilo jina la kuepuka. Nimeona ndugu wakilisikia na kuondoka wakiamini mtoto ana virusi vya UKIMWI au saratani ya damu. Andika jina kamili kwenye kadi ya kliniki.

Chanzo chake ni kidogo ajabu. Maelekezo ya kutengeneza himoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba oksijeni, yako kwenye kromosomu ya 11. Kwa mwenye selimundu herufi moja tu imebadilika, na kwa hiyo valini imekaa mahali pa asidi ya glutamiki (zote ni matofali ya kujengea protini) katika nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta, mmoja wa minyororo inayounda himoglobini. Oksijeni ikipungua, himoglobini hiyo hushikana na kujipanga kama vijiti, na seli hupinda ikawa kama mundu wa kukatia majani. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Iliyopinda hufa ndani ya wiki mbili au tatu, ndiyo maana mtoto hupungukiwa damu na macho huwa ya manjano. Zikikwama kwenye mishipa midogo, hapo ndipo maumivu yanapoanza.

Daktari James Herrick wa Chicago ndiye aliyechapisha maelezo ya seli hizo kwa mara ya kwanza, mwaka 1910. Familia za Afrika zilikuwa zimeshazika watoto kwa ugonjwa huo muda mrefu kabla yake.

2. AA, AS na SS ni nini?

Kila mtu ana nakala mbili za maelekezo hayo, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. A ni nakala ya kawaida, S ni ile iliyobadilika. Mwenye AA hana S. Mwenye AS ana nakala moja ya S: ni mbebaji, si mgonjwa. Mwenye SS amepata S kutoka pande zote mbili, naye ndiye mwenye selimundu.

Tafadhali tusimwambie mwenye AS kwamba "ana sikoseli kidogo". Hakuna sikoseli kidogo. Maneno hayo yamewafanya vijana wazima kabisa waishi kama wagonjwa, na wengine wanywe dawa wasizozihitaji.

3. Kwa nini ugonjwa huu uko kwetu sana?

Kwa sababu ya malaria. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki na mwaka 1954 akachapisha alichokiona: AS ilikuwa nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, kwenye mbu wengi, na chache kwenye nyanda za juu zenye baridi. Mtoto mwenye AS hupata malaria kama wengine, lakini kinga yake dhidi ya malaria kali inakaribia asilimia 90. Kwa vizazi vingi watoto hao walipona, wakakua, wakazaa, na S ikabaki ndani ya koo zetu.

Mpaka leo Tanzania iko miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu, pamoja na Nigeria na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Makadirio yanayotumika sana ni watoto 11,000 kwa mwaka.

Hapa pana kosa ambalo hata wauguzi hulifanya. Kinga ni ya AS. Mwenye SS hana kinga hiyo, na malaria ikimpata humvunjia damu haraka mno. Anahitaji chandarua na dawa ya kuzuia malaria kuliko mtoto mwingine yeyote nyumbani.

## Hesabu za urithi

4. Baba ni AS na mama ni AS. Nielezeje uwezekano wa mtoto kuwa SS?

Kwenye droo yangu nina mfuko wa vizibo vya soda, nusu nimevipaka rangi nyekundu, nusu nyeupe. Nampa mama vizibo viwili, mwekundu na mweupe. Nampa baba viwili vilevile. Nawaambia wafumbe mkono, wavitikise, kila mmoja atoe kimoja bila kuangalia, waviweke mezani pamoja. Huyo ndiye mtoto. Vyeupe viwili ni AA, vya rangi mbili ni AS, vyekundu viwili ni SS. Wakirudia mara nyingi wanaona wenyewe: takriban mara moja kati ya nne ni AA, mara mbili ni AS, mara moja ni SS. Asilimia 25, 50 na 25.

Kuna baba mmoja alikaa na vile vizibo kimya, akavitoa mara tano peke yake, kisha akamgeukia mkewe akasema, "Kumbe na mimi nimetoa." Alikuwa amekuja kliniki miaka miwili bila kumwangalia usoni. Mchoro wa miraba minne ubaoni unawafaa wanafunzi wa mtihani. Mzazi mpe kitu cha kushika.

5. "Mtoto wa kwanza ni SS. Basi watatu wanaofuata watakuwa salama?"

Hapana, na swali hili ndilo linalowaumiza watu kuliko yote, kwa sababu mara nyingi ni sisi tuliowaambia "mmoja kati ya wanne" tukaishia hapo. Kila mimba ni kura mpya. Vizibo havikumbuki kilichotoka jana. Kuna familia yenye watoto wanne wote AA au AS ilhali wazazi wote ni AS, na kuna yenye watatu SS mfululizo. Sema hivi: "Kila mimba, uwezekano ni uleule." Kisha mwombe mama akurudishie kwa maneno yake. Akisema "basi sasa zamu yake imepita", rudini kwenye vizibo.

6. Na wazazi wa aina nyingine?

AS na AA: nusu ya uwezekano ni mbebaji, na hakuna SS. SS na AA: watoto wote wabebaji. SS na AS: nusu kwa nusu, SS au AS. SS na SS: wote SS. Hesabu hizi zinategemea vipimo kuwa sahihi na "AA" kuwa AA kweli, jambo ambalo si hivyo kila mara (tazama maswali ya 9 na 18).

7. Imetoka upande wa mama au wa baba?

Pande zote mbili, na liseme hilo wakati bibi mzaa baba yupo chumbani, maana yeye ndiye ameshaambiwa na majirani kwamba mkwe wake kaleta damu mbaya. Mimi humwita kwa heshima, "Bibi, karibu, haya yanakuhusu na wewe", nikampa naye vizibo. Mtoto hawezi kuwa SS kwa kizibo cha mzazi mmoja. Wala si laana, wala si mtu aliyetazamwa vibaya mimba ikiwa changa. Sijawahi kuona faida ya kubishana juu ya uchawi. Kizibo mkononi kinatosha.

8. Ndugu wawili, wote SS, mbona mmoja analazwa kila mwezi na mwenzake hajalazwa hata mara moja?

Nakala za S ni zilezile, lakini zinakaa katikati ya vinasaba vingine. Kinachojulikana zaidi ni himoglobini ya mtoto mchanga, HbF. Kwa kawaida hupungua ndani ya miezi michache baada ya kuzaliwa, ndiyo maana dalili huanza karibu na miezi sita. Baadhi ya watu hurithi uwezo wa kuendelea kuitengeneza kwa wingi, na HbF huzuia seli kupinda. Wengine hurithi pia alfa-thalasemia, kasoro nyingine ya kurithi katika utengenezaji wa himoglobini, ambayo huwapunguzia kuvunjika kwa damu, ingawa maumivu ya mifupa yanaweza kubaki palepale.

Hata S yenyewe ina nasaba zake. Wataalamu wanazitenganisha kwa alama za vinasaba zilizo jirani nayo: aina ya Senegali, ya Benin, ya Kamerun, ya Kibantu, na ya Kiarabu na Kihindi. Iliyo nyingi kwetu ni ya Kibantu, na kwa kawaida huja na HbF ndogo. Ile ya Kiarabu na Kihindi huja na HbF kubwa na ugonjwa mwepesi kiasi. Oman aina hizo hukutana, na ile ya Kibantu inaonyesha damu iliyovuka bahari kutoka huku kwetu.

Ongeza na mazingira: nani analala ndani ya chandarua, nani anakunywa maji ya kutosha, nani anatumwa kisimani alfajiri kwenye baridi. Kwa hiyo usimwambie mama, "Huyu naye atakuwa kama kaka yake."

## Vipimo

9. Kituo chetu kina kipimo cha kupindisha seli tu. Kinatosha?

Hakitoshi kutoa jibu la urithi. Kipimo hicho huonyesha kwamba S ipo, hakisemi kama ni AS au SS. Nimepokea watoto waliopewa jina la "mgonjwa wa sikoseli" kwa kipimo hicho, kumbe AS, na wamekunywa dawa miaka mitatu. Kwa mtoto mchanga ni kibaya zaidi, kwa sababu amejaa HbF na kinaweza kusema hakuna wakati ipo.

Jibu kamili linatokana na vipimo vinavyotenganisha aina za himoglobini, kama elektroforesisi au HPLC kwenye maabara kubwa, au vile vipimo vya haraka vya tone la damu vinavyoonyesha A, S na C (aina nyingine ya himoglobini iliyobadilika) kwa mistari. Mchanga akipimwa vizuri, karatasi huandikwa FA, FAS au FS, F ikiwa ni ile HbF. Herufi ya kwanza ndiyo iliyo nyingi zaidi. FS mtie kwenye orodha ya kliniki siku hiyohiyo, kisha rudia kipimo akikua kidogo, kwa sababu S pamoja na beta-thalasemia (kasoro ya kurithi inayopunguza au kuzuia utengenezaji wa mnyororo wa beta) nayo inaweza kusomeka hivyo.

10. Mtoto alipimwa juzi, akaonekana AS, lakini dalili zote ni za SS.

Uliza kwanza, "Ameongezewa damu lini?" Ukimpa mtoto wa SS damu ya mtu wa AA, utapima A ya mchangiaji. Subiri miezi mitatu hivi ndipo urudie, au wapime wazazi wote wawili wakati mnasubiri. Nawaomba wenzangu wa wodini: kabla ya kutundika chupa ya damu, chukua sampuli ya kipimo cha himoglobini. Dakika mbili zile zinaiokoa familia na mwaka mzima wa kutoelewa.

## Kazi zetu kliniki na wodini

11. Siku ya kwanza mama afundishwe nini?

Machache, na kwa mikono. Mama aliyeambiwa leo kwamba mtoto wake ni SS hasikii zaidi ya mambo matatu.

Homa. Joto la nyuzi 38 au zaidi ni safari ya hospitali sasa hivi, hata kama ni saa nane za usiku, hata kama kachezacheza. Bandama ya mtoto mwenye SS huharibika mapema, na bakteria ambao mtoto mwingine angewashinda humuua ndani ya saa chache.

Bandama. Nachukua mkono wa mama, naulaza upande wa kushoto wa tumbo la mtoto, chini ya mbavu, wakati kalala chali na kanyonya kashiba. Vidole vinaingia polepole mtoto anapovuta pumzi. Kama bandama ipo tunaiwekea alama kwenye kijiti, yule mama akae nacho nyumbani. Ikizidi alama ghafla, na viganja na midomo vikapauka, damu imejikusanya ndani ya bandama na mtoto anaweza kufa siku hiyo. Jamaika walipoanza kuwafundisha wazazi kupapasa bandama, miaka ya 1970 na 1980, vifo vya namna hii vilishuka sana. Hakikuwa kifaa, ulikuwa mkono wa mama.

Vidole. Kuvimba kwa viganja na nyayo kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka miwili, mara nyingi ndiyo maumivu ya kwanza. Mama hudhani kaumwa na mdudu au kaangushwa na dada wa kazi.

Mengine, kama maji, baridi, chanjo na shule, yaje kliniki ya pili na ya tatu. Kwa wavulana wakubwa kidogo, ongeza swali ambalo hakuna anayeliuliza: kama uume husimama kwa muda mrefu kwa maumivu. Hawatakuambia mbele ya mama yao. Watoe nje wazazi, uliza kwa sauti ya kawaida, waeleze kwamba hali hiyo ikidumu zaidi ya muda wa saa nne ni dharura.

12. Penisilini ya kila siku kwa mtoto asiyeumwa, ya nini?

Kwa sababu ya bandama (swali la 11). Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1986 ulionyesha kwamba penisilini ya kunywa mara mbili kwa siku ilipunguza maambukizi ya bakteria wa nimokoka kwa asilimia 84, na ulisimamishwa mapema kwa kuwa jibu lilikuwa wazi. Huanza akiwa na miezi miwili au mitatu na kwa kawaida huendelea hadi miaka mitano, kwa kipimo cha mwongozo wa nchi yako. Chanjo ya nimokoka haiondoi haja ya penisilini, vinakwenda pamoja.

13. Dawa ya haidroksiurea inabadili vinasaba vya mtoto?

Haibadili. Mtoto hubaki SS, na watoto wake watarithi kama kawaida. Kinachofanyika ni kuuamsha mwili utengeneze tena HbF. Kwa miaka mingi watu waliogopa kwamba Afrika, yenye malaria na lishe duni, ingewadhuru watoto. Utafiti wa REACH, uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kinyume: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua na vifo vilipungua.

Kazi yetu ni kuhakikisha vipimo vya damu vinafanyika kwa ratiba, maana chembe nyeupe zinaweza kushuka, na kuzungumza na mabinti na wavulana waliobalehe kuhusu uzazi wa mpango wakiwa kwenye dawa hii.

14. Damu iko chini. Nimpe vidonge vya madini ya chuma?

Si kwa mazoea. Chuma cha seli zilizovunjika hubaki mwilini, na kila chupa ya damu huongeza kingine. Mpe tu kama upungufu wa chuma umethibitishwa. Asidi ya foliki ndiyo anayohitaji kila siku. Angalia jambo moja kwa wajawazito: foliki ya miligramu 5 hupunguza nguvu ya SP, dawa ya kuzuia malaria, kwa hiyo kwa mama wa AS au AA anayepewa SP kliniki, tumia ile ndogo ya miligramu 0.4.

15. "Huyu kila wiki anaomba morfini. Si ameshakuwa teja?"

Nalijibu kwa uchungu. Zamani, kwenye wodi moja niliyofanya kazi, kijana wa miaka 17 alikaa usiku mzima na parasetamoli kwa sababu tuliokuwa zamu tulikubaliana kwamba anajifanya. Aliuma shuka ili asilie mbele ya wagonjwa wazima. Asubuhi kifua kilikuwa kimeshaingiliwa, oksijeni inashuka. Nami nilikuwa mmoja wa waliokubaliana.

Hakuna kipimo cha maabara kinachothibitisha maumivu ya selimundu. Kipimo ni mgonjwa mwenyewe. Toa dawa ndani ya saa moja tangu afike, rudi umwulize baada ya nusu saa, mpe maji, hesabu pumzi na pima oksijeni. Maumivu ya kifua pamoja na homa au kushindwa kupumua, mwite daktari hapohapo.

## Urithi wa njia nyingine

16. Mbona himofilia inawapata wavulana tu?

Kwa sababu himofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, inapita kwenye kromosomu X. Mvulana ana X moja, ya mama yake. Ikiwa na kasoro hana akiba. Msichana ana X mbili, na moja humfidia nyingine, ingawa baadhi ya wabebaji nao hutoka damu nyingi wakati wa hedhi au kujifungua. Mama mbebaji: kila mtoto wa kiume ana uwezekano wa nusu kuugua. Baba mwenye himofilia: mabinti zake wote ni wabebaji, wanawe wa kiume hawaipati kwake.

Katika kuchukua historia kuna swali moja la thamani: uliza wajomba. "Kuna mjomba wake aliyetokwa damu sana alipotahiriwa? Kuna aliyefariki mdogo?" Kwetu jando ndilo kipimo cha kwanza cha himofilia, na mara nyingi habari iko upande wa mama ambako hakuna aliyeuliza. Jibu likiwa hapana, bado haijatoka kwenye orodha: karibu theluthi moja ya wagonjwa hawana historia yoyote kwenye ukoo. Usimchome sindano ya msuli wala kumpa aspirini au diklofenaki.

Upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu, nao hupita kwenye X hivyohivyo. Mtoto huwa mzima mpaka akutane na kitu kinachomvunja damu, kama dapsoni, primakwini ya siku nyingi, au vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo kabatini. Mkojo ukiwa kama chai ya rangi baada ya dawa, simamisha dawa. Kipimo ukikifanya wakati damu inavunjika kinaweza kusoma sawa, kwa hiyo kirudiwe baadaye.

17. Wazazi weusi wote wawili, mtoto ana ualbino. Baba anauliza huyu ni wa nani.

Ni wake. Ualbino ulio mwingi Tanzania, ambao unakadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya 1,400, hurithiwa kwa njia ileile ya vizibo: kila mzazi ametoa nakala moja iliyofichika ya jeni ya OCA2. Hesabu ni ile ya swali la 4. Liseme hilo chumba cha kujifungulia, kabla baba hajatoka nje na simu mkononi. Sauti ya mkunga anapompokea mtoto yule huamua kama mama atampakata kwa furaha au kwa woga. Kisha mambo ya vitendo: kofia, mikono mirefu, mafuta ya kujikinga na jua, na kuona daktari wa macho mapema.

## Maswali magumu

18. Baba amepima, hana S. Mtoto ni mgonjwa. Nimwambie nini?

Kwanza funga mlango. Pili, usitoe tafsiri ya karatasi mbele ya wote wawili kabla hujaikagua. Sababu ni nyingi: kipimo cha kupindisha seli kilichokosewa, sampuli zilizobadilishana, baba aliyeongezewa damu karibuni (swali la 10), au baba mbebaji wa beta-thalasemia, ambaye hana S kabisa lakini mtoto akirithi S ya mama na beta-thalasemia ya baba anaugua kama SS. Mwisho, kuna uwezekano kwamba baba wa damu ni mwingine.

Hilo la mwisho si la kutangazwa na muuguzi. Rudia vipimo kwa njia sahihi, zungumza na mama peke yake, na umwachie yeye siri yake. Ndoa imeshavunjika kwa neno moja la mtu wa maabara aliyesema dirishani, "Haiwezekani", na baadaye kipimo kiliporudiwa baba alikuwa AS.

19. Wachumba wamepima na wote ni AS. Tuwakataze?

Hatuna mamlaka hayo. Tunawapa hesabu, vizibo na muda. Saudi Arabia imeweka sheria ya kupima kabla ya ndoa tangu mwaka 2004, na hata huko kipimo hakizuii ndoa; uamuzi ni wa wahusika. Kwetu masheikh na wachungaji wengi wanauliza vyeti, jambo jema, ila tuwaombe wawapeleke vijana mapema, si wiki ambayo kadi za harusi zimeshasambazwa.

Wakiamua kuoana, wasiondoke na hukumu. Waondoke na mpango: mtoto apimwe wiki za kwanza, na akiwa SS aanze penisilini kabla ya homa ya kwanza.

20. Mwenye AS ana mipaka yoyote?

Anaishi maisha ya kawaida na umri wa kawaida. Akiona damu kwenye mkojo aje apimwe. Mazoezi makali sana bila maji, kama ya jeshini, yamewahi kuwaletea wabebaji kuvunjika misuli. Miinuko nayo inaweza kuiumiza bandama, kwa hiyo mpagazi wa Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895, akipata maumivu makali upande wa kushoto wa tumbo ateremshwe mara moja.

21. Mtoto akirithi AS na alfa-thalasemia pamoja, kinga yake ya malaria ni maradufu?

Mantiki inasema ndiyo, lakini sivyo ilivyo. Huko Kilifi, ambako alfa-thalasemia ni nyingi, Thomas Williams na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba kila moja peke yake inalinda, na zikikutana kwa mtoto mmoja ulinzi huo karibu unapotea. Huwa nawapa wanafunzi mfano huu wanapotaka kujumlisha vinasaba kama sarafu. Kwa mama ujumbe haubadiliki: chandarua.

22. Kuna tiba ya kuuondoa kabisa?

Ipo, kwa wachache. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba mbili za vinasaba, moja ikitumia teknolojia ya kuhariri jeni, kwa bei ambayo familia zetu haziigusi. Kilicho karibu zaidi ni kupandikiza uloto, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeshaifanya kazi hiyo kwa watoto wa Kitanzania.

Mzazi akisikia hivyo huuliza, "Mimi naweza kutoa?" Mtoaji anayetafutwa kwanza ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja, na uwezekano wa kila ndugu kulingana kikamilifu ni robo, asilimia 25, kura nyingine ndani ya familia ileile. Ndugu mwenye AS anaruhusiwa kutoa. Mwenye SS haruhusiwi. Kwa hiyo unapojaza fomu ya rufaa, andika ndugu wote wa tumbo moja, umri wao na vipimo vyao vya himoglobini, na ambaye hajapimwa mpime kabla hawajapanda basi.